Kayaki ya Pili ya Merv Tregenza

Wasikilizaji wapendwa, mmewahi kumsubiri mtu ufukweni mpaka chai ikapoa ndani ya chupa? Noreen Tregenza amesubiri hivyo miaka thelathini na mmoja, hapa hapa kwenye mji wetu wa pwani, Edithburgh. Aliyemsubiri ni mumewe, Merv. Merv ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na sita.

Merv alikuwa fundi wa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja, za kuvulia ngisi. Ukimletea kayaki tupu, anakufungia kreti la maziwa nyuma ya kiti. Kwenye kreti anatia vipande viwili vya bomba, vya kusimamishia fimbo za kuvulia. Halafu kamba. Kamba nyingi! Koleo lina kamba, kisu kina kamba, kasia lina kamba.

Jirani yake Trevor alikuwa akimcheka: "Merv, na meno ya bandia umeyafunga?"

"Funga yako wewe, unayeongea sana. Bahari haina ofisi ya vitu vilivyopotea."

Kisha anakupeleka kwenye maji ya kiunoni, anakupindua mara tatu. Nasema mara tatu. Usipoweza kupanda tena mwenyewe, fimbo yako hupewi. Hata mimi alinipindua, na magoti yangu haya. Nilipanda.

Noreen hakupinduliwa. Yeye na kiti chake cha turubai, na chupa yake ya chai. Merv alimwuliza mara moja tu, mwaka ule wa kwanza: "Twende, mke wangu?" Noreen akasema, "Nenda tu, mimi niko sawa hapa." Basi, hakuuliza tena. Alidhani mkewe hapendi kulowa. Noreen naye alidhani mumewe anapenda kuwa peke yake.

Juzi Jumamosi, binti yao Kerrin aliniita nikawaone. Kwenye banda la kazi la Merv kulikuwa na kayaki ya pili, ya kijani, mpya. Trevor naye alikuwepo, na alishaipatia mnunuzi.

"Mama, tuiuze?" Kerrin akauliza.

Noreen akainama kuitazama. Vikanyagio vya miguu vimesogezwa karibu na kiti, kwa mtu mfupi kama yeye. Merv alikuwa mrefu, mlangoni anainama. Bomba la fimbo liko kushoto, na Noreen hutumia mkono wa kushoto. Kando ya kiti kuna kitanzi cha kamba, kipana, kitupu. Noreen akatumbukiza humo chupa yake ya chai. Ikakaa sawasawa.

Wasikilizaji wapendwa, Merv hakuwahi kunywa chai.

Pole sana Noreen, pole Kerrin, pole kwenu nyote mliopinduliwa na Merv mkapanda tena. Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu uliyemwuliza zamani, ukaridhika na jibu la kwanza. Leo mwulize tena.

Pale bandani Trevor alikohoa kidogo. "Sasa huyo mnunuzi nimwambieje?"

"Mwambie asije," Noreen akasema. Akakaa ndani ya kayaki, pale pale sakafuni, na viatu vyake vya kanisani. "Nilitaka kwenda. Tangu siku ile ya kwanza, nilitaka kwenda naye. Haya, nani ananipindua?"