Umeme Uliobaki Una Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi umeme wa gereji ya magari ya wagonjwa ya hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake halisi analo, ila ukilitaja pale gereji watu wataulizana unamtafuta nani. Sote tunamwita Babu Fyuzi.

Jina hilo alilipata kwa ubishi. Dereva akija kulalamika kwamba fyuzi imeungua tena, awekewe kubwa zaidi, Babu humwuliza kwanza amechomeka nini. Kuna mmoja alikutwa na birika la umeme chini ya kiti.

Lakini sisi wauguzi tutamkumbuka kwa taa. Balbu za zamani zilikula umeme kama wageni wa harusini. Mvua ikinyesha, gari likikwama kwenye foleni na injini ikiunguruma taratibu, alteneta inayozalisha umeme wa gari ilishindwa kulisha taa pamoja na lile sanduku la joto wanamolazwa watoto njiti. Sanduku likizimika, tulimtoa mtoto tukambana kifuani, na njia nzima tukawa tunampapasa miguu. Wapo waliofika wakiwa baridi. Nimewabeba mimi mwenyewe, na bado inaniuma.

Hospitali ilipoleta balbu za LED, zinazotumia chini ya nusu ya umeme ule, madereva walifurahi kupita kiasi. Wakataka taa za ziada juu ya paa, feni, na redio yenye spika za kutikisa vioo. Eti vyote hivyo havili kitu. Babu akawajibu kwamba haba na haba hujaza kibaba, na betri nayo huishia hivyohivyo. Umeme uliobaki una mwenyewe, ila hajazaliwa bado. Akavuta waya wa peke yake hadi kwenye sanduku la joto, akaonya kwamba atakayeugusa wataonana. Kisha akazishusha taa zimulike barabara, zisiwapofushe wanaokuja. Madereva walimnunia wiki nzima.

Mvua za mwaka jana ndizo zilizowanyamazisha. Daraja lilifurika, gari letu likakaa foleni kutwa huku taa zikiwaka, na ndani tulikuwa na mtoto wa kutoshea viganjani. Sanduku halikuzimika hata mara moja. Tulipofika, dereva aliyenuna kuliko wote alikwenda moja kwa moja gereji, akamshika Babu mkono. Babu naye, kwa haya, akamwuliza kama betri ni nzima.

Babu, mkeo ametuambia kwamba nyumbani mbishi ni yeye, kwa hiyo ukajifunze kukubali. Ahsante kwa waya ule. Siku hizi mtoto njiti akiwa garini, mikono yetu inapata nafasi ya kumshika mama yake. Tunakuombea mapumziko mema, baba yetu.