Orrin Tveit, Ambaye Hakusema "Nimeliacha"

Orrin Tveit alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya Fergus Falls, Minnesota, kwa Nels na Borghild Tveit. Theluji ilikuwa imeziba barabara, ikabidi mkunga aletwe kwa trekta. Mama yake alisimulia kwamba mtoto alilia hadi trekta ilipowashwa kumrudisha mkunga. Hapo akanyamaza, akasikiliza.

Alimaliza sekondari mwaka 1959. Hesabu zilimshinda, lakini alitambua gari kwa kusikia tu mlango wake ukifungwa.

Kuanzia 1961 hadi alipostaafu 2003 aliendesha lori la kukusanya maziwa, na hakuna ghala la shamba ambalo hakulichungulia. Tarehe 14 Juni 1964 alimwoa Marlys Haugen katika kanisa hili hili. Mungu aliwajalia binti mmoja, Karin.

Kila Jumamosi marehemu alikunywa kahawa mgahawani na wenzake wapenda magari ya zamani. Meza yao ilikuwa na sheria moja: aliyeliona gari kwanza ndiye mwenye neno. Wengine hawaligusi, hawamwendei mwenye gari, wala hawalisifu, mpaka mwonaji aseme, "Nimeliacha."

Mwezi wa Mei 1987 aliwaambia ameona gari aina ya Hudson, la mwaka 1951.

"Mwongo mkubwa wewe!" alimcheka Delmar Hoyt, rafiki yake tangu darasa la kwanza. "Hudson, huku kwetu?"

"Ipo kwa mjane Ekdahl, chini ya nyasi kavu. Kuku wanatagia kiti cha nyuma."

"Basi hao kuku wanaishi vizuri kuliko wewe. Utaenda lini?"

"Mwache mama wa watu amalize matanga kwanza."

Delmar hakungoja matanga yaishe. Siku ya pili alimwendea mjane akamwambia, "Orrin kanituma," na mjane, aliyemwamini Orrin, akampa funguo.

Delmar aliitengeneza Hudson ile mpaka ikang'aa kama kioo, akaileta mbele ya mgahawa. Wanaume wote wakainamia vikombe vyao.

"Jamani, semeni basi!"

"Tuseme nini, bwana? Orrin hajaliacha."

Tangu hapo, kila gwaride la Sikukuu ya Uhuru mwezi wa Julai, walisifu trekta iliyotangulia na gari la zimamoto lililofuata. Katikati, alipopita Delmar na Hudson yake, hawakuona kitu.

Mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Delmar alimfuata hospitalini, kofia mkononi.

"Orrin, ndugu yangu, tumezeeka. Sema neno tu."

"Neno gani?"

"Si unajua! La Hudson."

"Hudson gani? Mji huu sijaiona hata moja."

Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Marlys anasema hakuwa amecheka hivyo tangu augue.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Oktoba 2022, alfajiri. Jioni iliyotangulia alikuwa amemshika Karin mkono, akamwambia: "Neno sasa ni lako, mwanangu. Usilitumie."

Ameacha mjane, Marlys, binti, Karin, wajukuu wawili, Soren na Britta, na dada yake, Inga.

Delmar Hoyt yupo nasi leo. Amekuja na gari, ameliegesha mlangoni. Karin anawaomba waombolezaji, wanapolisindikiza jeneza, wapite wakitazama mbele.

Mungu ampumzishe Orrin. Delmar aendelee kungoja.