Nusu ya Terrain ya Vuhovi

Muheshimiwa Chefu wa groupement, Bwana Pasta na Padri wetu, Bwana Directeur Zacharie wa chuo kikubwa cha Beni, wewe ambaye timu yako tuliishinda juzi katika finale na bado umevuka barrière zote za basoda njiani ili uje kutupa mukono wa pongezi. Bamama, bababa, na ninyi bandugu muliokimbia vita na munaolala katika kanisa letu: ninawasalimu wote. Mimi ni Paulin. Ninafundisha kilimo hapa chuoni Vuhovi, tena mimi njo entraîneur, mwenye kufundisha hawa batoto mupira. Mutanivumilia, sauti yangu ilibakia Beni.

Bwana Zacharie, mugeni njoo, mwenyeji apone! Lakini nilisikia mutangazaji wa radio yenu aliuliza kabla ya match: "Vuhovi? Kwani kule beko na terrain ya mupira?" Mwambie hakukosea sana. Tulikuwa na nusu.

Ndiyo, nusu. Tangu bakimbizi bafike, na mashamba ya bonde yafungwe sababu ya batu ba bunduki, kamati ya bazazi ilikata terrain yetu katikati: chini maharage, juu mupira. Na nani alipewa kulinda maharage? Mama Kavugho! Musicheke, ananiangalia. Ballon ikianguka katika mistari yake, anaikamata, anaifunga ndani ya nguo yake ya kikwembe, anaikalia. "Mwalimu," ananiambia, "haya maharage batoto ba kanisani banayangojea. Na wewe ngojea ballon yako mpaka Siku ya Mungu." Niliomba, nilikasirika, nilimutuma hata Pasta. Bure!

Sasa mulitaka batoto ba timu bafanye nini? Balijifunza kutorusha ballon juu. Muguu kwa muguu, chini chini, katika nafasi ndogo sawa ya kuanikia mihogo. Halafu siku ya finale, bale bakubwa ba Beni, wenye viatu vya kweli, balipiga ballon mbinguni, na betu baliificha chini katika majani, muguu kwa muguu. Kuna banaosema ni muujiza. Kuna banaosema ni dawa. Dawa gani, bandugu? Kambere, capitaine wetu, alipofunga lile goli la ushindi, alipita kati ya ba-défenseur sawa mutu anayepita shambani bila kukanyaga hata shina moja. Aksanti, Mama Kavugho, ulitunyanyasa vizuri!

Lakini tulipime jambo hili kwa kipimo chake. Goli haliondoi barrière katika njia ya Beni. Halimurudishi mutu katika shamba lake. Nani kati yetu amekwisha kushiba kombe? Jana kamati ilisema nusu iliyobaki nayo ilimwe, sababu batoto banalala njaa. Mimi nilikataa. Hii timu njo kitu pekee ambacho vita haijaninyang'anya, na nilitayarisha maneno ya kuwaomba hapa, mbele ya bageni, mutuachie hiyo nusu. Nani angenikatalia, kombe likiwa juu ya meza?

Leo asubuhi nilienda kujaribu maneno yangu katika terrain. Nikakuta timu yote na majembe. Miti ya goli imelala chini.

"Kambere, munafanya nini?"

"Mwalimu, si ulitufundisha kilimo? Tulishinda, tulifurahi. Sasa mvua imefika."

Siwafichi, nililia. Nililia mbele ya banafunzi bangu, mutu muzima mwenye ndevu. Hakuna hata mumoja aliyenicheka. Kambere alinisogezea jembe, nikavua viatu.

Kwa hiyo, Muheshimiwa Chefu, ukimupa capitaine kombe na uone mikono yake ina udongo, usimukasirikie. Hawa batoto balishinda timu kubwa, na mukubwa wa bale balioshindwa amekuja kuwasifu. Mimi ninawasifu kwa kazi ya asubuhi kuliko kwa goli.

Na wewe, Bwana Zacharie, uliponipa mukono uliniomba match ya kurudiana, hapa kwetu. Ndugu yangu, hatuna tena pa kuchezea. Njoo na timu yako wakati wa mavuno, mutakula.

Mwasingya, bote muliotega masikio. Aksanti kwa kunisikia mpaka mwisho.