Léonce Amesimamisha Chupa

Kilazwacho si kifacho, siku yake itafika;
Kingojewacho kwa macho, mngoja hudhoofika.

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Ghislaine, pale barabara ya Montrelay inapojikunja kabla ya kupanda kwenye mashamba ya mizabibu, na mgongo wake wa mbao umelainishwa na makoti yetu. Ukiketi hapo unaona vitu viwili tu: mlango wa kanisa, ambao hatuutazami, na dirisha la jikoni la Léonce, ambalo hatuachi kulitazama. Asubuhi ile ya Novemba, majani ya mizabibu yakiwa yamegeuka rangi ya shaba na kahawa ikifuka vikombeni, tuliona ndani ya dirisha lile, kwenye rafu ya nyuma iliyo mbali na jiko, chupa moja nyeusi imesimama wima. Kwetu hilo ni tangazo. Mvinyo wa zamani hulazwa gizani miaka na miaka ili kizibo kisikauke; hausimamishwi ila siku chache kabla ya kunywewa, mashapo yapate kushuka. Chupa ikisimama, kuna mtu anatarajiwa.

Wa kwanza kusema alikuwa Firmin, aliyetengeneza mapipa maisha yake yote hata akafanana nayo. Kwa hiyo tunamwita Pipa.

— Ni ile ya Mireille. Ya mwisho.

— Nimeiona kabla yako, alijibu Odile, ambaye alikuwa karani wa manispaa na hajaacha kuhukumu watu, hivyo jina lake ni Mahakama.

Mwaka ule Léonce alipoanguka kutoka kwenye paa na kuvunjika nyonga, mavuno yakiwa mlangoni, mkewe Mireille ndiye aliyevuna, akazikanyaga zabibu, akautia mvinyo pipani na kuulea peke yake kama mtoto. Wanaume walimcheka mpaka walipoonja. Tangu hapo haikufanyika arusi wala ubatizo wa maana bila chupa yake mezani. Kisha Mireille akafa, na chupa ikabaki moja.

Léonce alitoka kwake na kikombe mkononi, akaja kusimama mbele yetu. Binti yake, Solange, alikuwa afike siku ile kutoka Lille. Ndiyo maana chupa ilisimamishwa. Lakini treni zimegoma. Solange amepiga simu, amesema wangoje Krismasi. Je, aifungue au ailaze tena? Kuja kuuliza jambo kama hilo benchini kwetu ni sawa na kuuliza njia kwa waliopotea, ila alikuja.

— Ukiilaza umeiua, Pipa alisema. Mvinyo umeshuka mpaka chini ya bega la chupa. Kizibo kimechoka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hujaza, bwana. Huu unapungua.

— Hewa ndiyo inayojaza. Wewe unatazama kibaba cha nani?

Mahakama akaagiza kahawa nyingine ili apate nguvu ya kushindana naye.

— Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu ikizidi ni mbovu, bibie. Ni herufi moja tu.

Hapo wakaachana na Léonce, wakashikana wao kwa wao. Pipa alidai kwamba kila Juni, mizabibu ichanuapo, mvinyo uliolala hujigeuza chupani kuutazama mlima wake. Na kwa kuwa shamba la Mireille limekwisha kuuzwa na kung'olewa, ule mvinyo hujigeuza usione kitu, ukarudi kulala na huzuni. Mahakama akamjibu kwa kisa cha chupa ya mjomba wake, iliyofunguliwa mbele ya watu sita ikawa tamu kwa watano na siki kwa mmoja, yule aliyesogeza jiwe la mpaka usiku. Pipa hakukubali kushindwa na jiwe. Babu yake, alisema, alijenga ukuta mbele ya chupa zake wakati wa vita askari wasizione. Ukuta ulipobomolewa, mvinyo haukuwa na harufu hata kidogo, maana ulikuwa umejifunza kubana pumzi.

Léonce alikuwa akizungusha kikombe ambacho kahawa yake ilikwisha zamani.

Ndipo alipofika Noémie, muuguzi mpya, anayezungukia wagonjwa majumbani na begi lake la bluu. Ametoka pwani ya Brest, kwa watu wanaokunywa kinywaji cha matofaa, na Pipa hajamsamehe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Pipa alisema, akiwa na maana kwamba mgeni ndiye alipe kahawa.

Noémie akalipa, akaketi pembeni, akauliza chupa ile ina nini hata wazee wasisikilizane. Tukashindana kumweleza. Pipa aliunywa siku alipomwoza binti yake. Ulinuka waridi lililokaushwa ndani ya kitabu. Mahakama aliunywa siku alipostaafu. Kwake ulikuwa kama kufungua kabati la bibi yake. Mimi niliunywa tulipotoka kumzika mama. Ulikuwa na msitu ndani yake, msitu baada ya mvua, na kwa muda wa funda moja sikukumbuka tulikuwa tumetoka wapi.

Noémie alisikiliza kama asikilizavyo wagonjwa, bila kumkata mtu. Kisha akauliza:

— Na mwenyewe aliyeutengeneza, alisemaje alipounywa?

Pipa aligeukia dirisha la Léonce.

— Aliuonja pipani, alisema.

— Ule ulikuwa mchanga, Mahakama alisema polepole. Wa pipani huonjwa ukatemwa. Ile ni kazi, Firmin, si kunywa.

— Basi kwenye arusi ya binti yangu.

— Kwenye arusi ile alikuwa jikoni.

— Siku ulipostaafu?

— Jikoni.

Hakuna aliyeniuliza mimi, nami nilikuwa nimekwisha kumwona: Mireille amesimama mlangoni mwa jiko lake na aproni, mwiko mkononi, nyuma yake nyama ikitokota, akituuliza, «Uko vipi?» Nasi tukijibu kwa vinywa vilivyojaa, «Njoo ukae, mama,» bila hata mmoja wetu kusogeza kiti. Alipopata nafasi ya kukaa, chupa ilikuwa tupu.

Léonce aliweka kikombe chake juu ya mkono wa benchi.

— Kila mavuno yakiisha aliniambia, ile ya mwisho tuinywe sisi wawili, mume wangu, hata leo. Nikamwambia, bado. Mwaka unaofuata, bado.

Akakigeuza kikombe kifudifudi.

— Mwaka wake wa mwisho hakuuliza.

Kengele ya kanisa iligonga, na kwa mara ya kwanza tuliutazama mlango wake, kwa kuwa hatukuthubutu kumtazama Léonce. Mahakama ndiye aliyesema, sauti yake ikiwa haina hukumu ndani yake:

— Fungua, ndugu yangu.

— Solange je?

— Solange utamwambia.

Léonce aligeuka kuelekea mlango wake.

— Solange atanisamehe, alisema. Mama yake, sijui.

Akaileta chupa ameikumbatia wima, asiitikise. Kizibo kilitoka nusu, nusu ikabomoka, akakitoa kwa subira ya mtu anayetoa mwiba. Ghislaine aliwasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, na Léonce akamimina taratibu kwenye jagi, akitazama mwanga, mpaka uzi mweusi wa mashapo ulipokaribia mdomo, hapo akaacha, akatugawia katika glasi. Rangi ilikuwa ya vigae vya paa vilivyonyeshewa. Mwanzoni haukunuka kitu ila ghala. Pipa aliinua kidole kutuzuia tusiseme. Ndiyo kwanza umeamshwa, uacheni ufikiche macho. Tukangoja. Kisha ukaja: waridi, na majani yaliyooza vizuri, na moshi wa matawi ya mizabibu yanapochomwa baada ya kupogolewa, na nyuma ya yote kitu kitamu ambacho kila ulipokifuata kilikuwa kimetoka mlango wa pili.

Pipa alivua kofia. Hakuna aliyeleta kisa. Sote tulijua kwamba mvinyo wa umri ule haukai na watu. Hutoa salamu, ukaaga.

Glasi ya Léonce ilikuwa bado imejaa. Mahakama akajisogeza, akapiga ubao kwa kiganja.

— Njoo ukae, bwana.

— Bado, alisema Léonce.

Akaichukua glasi, akavuka barabara, akaingia kwake. Tulimwona dirishani. Viti vilikuwepo, hakuvitazama. Alikwenda mpaka kwenye jiko, pale Mireille alipokuwa akisimama, akaunusa mvinyo muda mrefu, akanywa. Midomo yake ikasogea: alikuwa akimweleza mtu ulivyo.

Chupa tupu tuliilaza miguuni petu. Sisi tulikuwa tumekaa, kama siku zote. Aliyebaki amesimama ni Léonce.