Chupa ya Kumi na Tisa

Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Mtawala wetu, Mheshimiwa Meya wa Waldersheim, waheshimiwa maprofesa, mabwana wenye maduka ya dawa ambao zamani msingekanyaga hapa, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: mimi Meinhard Dörfel, ninayekabidhiwa leo funguo za maabara hii, nimepewa robo saa ya kumuaga Profesa Leberecht Wiegand. Mwenyewe amenionya nisimsifu sana, kwa sababu miguu inamuuma na hawezi kuinuka kila mnapopiga makofi.

Miaka thelathini iliyopita jengo hili lilikuwa zizi la farasi wa jeshi. Na mkemia alikuwa nani siku hizo? Alikuwa mtu wa kutwanga dawa nyuma ya duka la mwingine, au msaidizi wa daktari anayeitwa pale tu panaponuka. Profesa alipoomba apewe zizi, mkuu wa chuo wa wakati ule alimwuliza, "Unataka kuwafundisha watoto wa watu kupika?" Naye akajibu, "Kupika wanajua mama zao. Mimi nitawafundisha kupima." Leo waliotoka zizini humu wanaendesha viwanda vya rangi, wanakagua maji ya visima vya miji, na hakuna hakimu anayesikiliza kesi ya sumu bila kuwaita. Kazi imepata jina, ikapata cheti, na cheti kina mtihani wake. Ni mtihani huo ninaotaka kuuzungumzia.

Mnaujua. Chupa ishirini na nne zisizo na majina, wiki sita, na mwanafunzi aseme kila moja ina nini. Chupa ya kumi na tisa ina maji matupu, yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, basi. Mimi niliihangaikia siku nne. Ningeandikaje kwamba sikuona kitu, wakati wenzangu wanaandika shaba na risasi? Nikaandika: chuma, kidogo.

Profesa aliniita. "Dörfel, hicho chuma umekiona?"

"Kidogo, Bwana Profesa."

"Umekiona, au umeona haya kurudi mikono mitupu?"

Akacheka, akaniambia nimepata ishirini na tatu, zinatosha, niende zangu. Nikaenda na cheti changu.

Miaka miwili baadaye mtengeneza ngozi mmoja wa hapa mjini alikufa ghafla, na majirani wakamshuku mkewe, Bi Adelgunde Rothacker. Mahakama ilinipa mimi kipande cha tumbo la marehemu nikipime. Kipimo chenyewe kilikuwa kipya: unatia zinki na asidi ndani ya chupa, unaongeza unachokishuku, unawasha gesi inayotoka, kisha unashika kisahani cha kauri mbele ya mwali. Kikiingia doa jeusi linalong'aa, hiyo ni aseniki, sumu yenyewe. Doa likaja. Nikala kiapo. Mliokuwepo mnakumbuka nilivyosimama wima, na koti jipya. Mama yule alikuwa anakwenda kukatwa kichwa.

Profesa Wiegand aliiomba mahakama saa moja tu, pamoja na zinki yangu iliyobaki. Akaitia kwenye asidi palepale mbele ya hakimu, bila kuongeza chochote cha marehemu. Akawasha, akashika kisahani. Doa likaja vilevile, jeusi, zuri kabisa. Akanigeukia.

"Haya, Dörfel. Na hii chupa nayo imelishwa sumu na mkewe?"

Watu walicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aseniki ilikuwa ndani ya zinki tangu ilikotoka machimboni, nami sikuwa nimeipima tupu kwanza, kwa kuwa nilikuwa natafuta kitu na sikuwa tayari kukikosa. Hakimu akauliza kosa ni la nani. Profesa angeweza kuninyooshea kidole. Alisema, "Ni langu. Nilijua huyu hawezi kuandika 'hamna kitu', na bado nikampa cheti."

Tangu hapo, anayekosea chupa ya kumi na tisa hapiti, hata akipata zote zilizobaki. Na kila mwaka, siku ya kesi ile, Bi Adelgunde huja na keki ya plamu, akasimama mlangoni na kuuliza, "Mmepima tupu leo?" Wanafunzi huikimbilia keki, lakini sijamsikia aliyethubutu kumdanganya.

Sasa, Mheshimiwa Waziri, mezani kwako kuna ombi la baraza la mtihani kwamba sharti hilo lifutwe. Wanasema viwanda vinangoja watu, na ni aibu msomi kuangushwa na maji. Sina ugomvi nao. Nilikuwa msomi wa namna hiyohiyo.

Profesa, hii ni karatasi yangu ya mtihani, nimeikuta kwenye droo yako nilipokuwa napokea funguo. Nimefuta jibu la kumi na tisa na kuandika upya, nikiwa nimechelewa miaka ishirini: hamna kitu. Naomba uisahihishe kabla hujaondoka.

Nawe Mheshimiwa, kabla hujatia sahihi yako, Bi Adelgunde yupo safu ya tatu, mwenye mtandio wa kijivu. Mwulize yeye kama maji yale ni jambo dogo.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia.