Kidhibiti Chenye Mimba

Lori la ndizi kutoka Murusagamba lilimkalisha karani wa mahakama Idefonsi, kamba ya mbuzi mkononi, mkabala na mama mkimbizi, Nizigiyimana, aliyeshtaki kuwa mbuzi huyo aliibwa kwake.

“Kesi imeahirishwa mara nyingi mpaka mbuzi wangu amepata mimba,” mama alilalamika. “Mama, huyu ni kidhibiti, ushahidi wa kesi,” karani alimsahihisha, “na mimba haimo kwenye shauri.” Mama akaita, “Keza!” Mbuzi akaenda kumlalia mapajani. “Acha! Ushahidi hutolewa mahakamani, si kwenye lori,” karani aling’aka, akimwomba Mungu abiria wengine wawe wamesinzia.

Lori liliposimama Ngara, penye mahakama, karani alivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Mbuzi hakubanduka. “Mama,” alisema kwa upole, “hebu nisaidie kumshusha. Ila usimwite jina.”