Vilivyochanika Kwangu, Vizima kwa Mumbi

Murjan, rudisha huo mlango, upepo unanipiga kifuani, na wewe Sitti acha kukunja nguo, njoo ukae hapa kitandani nikuone. Daktari aliwaita ninyi kando akadhani mimi sijui, lakini mwili ni wangu, najua unavyofunga virago. Nitakayoyasema leo ndiyo mtakayoyashika, na asije mjomba wala jirani akawaambia Mabruka alikuwa akiweweseka. Akili yangu ni nzima. Kilicho kibovu ni kifua.

Nyumba hii baba yenu aliiacha mikononi mwangu na mnajua ilivyo: kuta ni zetu, mabati ni yetu, lakini udongo ulio chini serikali inasema si wetu, ingawa babu zetu ndio waliokaa hapa Kibera tangu walipovua sare za jeshi. Basi msigombanie ardhi, gawaneni kuta. Murjan, vyumba vya nyuma na wapangaji wake ni vyako. Sitti, chumba hiki ninacholala ni chako, na sanduku langu na vilivyomo. Lakini chumba cha mbele hakigawanywi. Nimesikia umekuja na fundi, Murjan, mkapima katikati ili uweke ukuta upate wapangaji wawili. Sahau. Kile ni chumba cha vitabu vya watoto, na ninayemtaka akae ndani yake ni dada yako. Namtaka arudi kutoka Kawangware, atoke kwa Mumbi.

Ndiyo, nimelitaja jina lake. Namwonea wivu yule mwanamke, nimemwonea tangu ninyi mkiwa wadogo, na sioni kwa nini niufiche wivu wangu sasa ati kwa sababu nakufa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nikiuza gurusa langoni mwa shule, chapati za maji za kwetu Wanubi. Ofisini kwa hedimasta kulikuwa na kabati la kioo limejaa vitabu vya hadithi, na kufuli juu yake. Mkaguzi akija, kabati linapanguswa, mtoto mmoja anaitwa anashikishwa kitabu, na mkaguzi akienda kufuli linarudi. Watoto walikuja kununua gurusa huku wakihadithiana majalada waliyoyaona kupitia kioo, kila mmoja akibuni lililo ndani. Mumbi naye alikuwa mzazi hapo, kwa kuwa shule za kwao Kawangware zilikuwa zimejaa. Tukaingia kwa hedimasta pamoja. Yeye ndiye aliyezungumza, maana ana ulimi, mimi nikasimama na beseni langu. Mwalimu akasema vitabu vikishikwa na watoto vitachanika. Nikamwambia, "Vikichanika nitashona mimi." Hilo mlikumbuke, kwa maana siku hizi linasimuliwa kana kwamba Mumbi ndiye aliyelisema. Mwalimu akafungua stoo, akatutupia gunia la vile vilivyokuwa vimekwisha kuchanika, akidhani ametufukuza.

Kazi ikaanza na lile gunia. Mumbi alikuwa na wapangaji wasichana waliofanya kazi katika majumba makubwa ya Lavington, akawaambia waombe vitabu ambavyo watoto wa matajiri wao wamevikulia, na kila Jumapili wakawa wanarudi navyo badala ya nguo kuukuu. Mimi nilikuwa na sindano. Mumbi alisoma, nami nikashona, na huo ndio mgawanyo ulioniua. Yeye alikaa kwenye mkeka katika chumba changu cha mbele, watoto wakamwegemea mabega yote mawili, akabadilisha sauti, mara fisi, mara bibi kizee, na mimi pembeni nimeinamia uzi. Kwangu kililetwa kilichochanika, kikipona kinakwenda kwa Mumbi. Nani anamkumbuka aliyemshonea, wakati yuko aliyemsomea? Nilikuwa nikiviangalia vile vichwa vidogo vimemlalia na roho inaniuma mpaka najichoma kidole.

Halafu kuna siku ya wageni, na hiyo sijamsamehe. Vitabu vya kwanza nilivishona nijuavyo, kama ninavyosuka tabaga la kufunikia chakula, uzi umevutwa mpaka maji hayapiti. Kwetu kusuka kukilegea ni aibu ya mwanamke, na hakuna aliyewahi kunifundisha kushona kitabu. Wakaja wakubwa kutoka ofisi ya elimu, Mumbi akachukua kimoja awaonyeshe, akajaribu kukifungua, kikagoma. Akavuta, kikafunguka nusu kama mlango ulionyeshewa na mvua. Akacheka. Akawaambia wageni, "Mabruka amekishona kisije kikasomwa," nao wakacheka pamoja naye. Nilirudi nyumbani nikafumua vyote, kimoja kimoja, nikajifunza mwenyewe kuuacha uzi upumue katikati. Tangu hapo hakuna kitabu changu kilichogoma, lakini wale wageni hawakurudi kuona.

Kisha akajenga. Yeye ana hati ya shamba, hamwombi chifu ruhusa ya kupigilia msumari. Akawahamisha wapangaji waliokaa mwisho wa ploti yake ya Kawangware, upande wa kuelekea Satellite, akaweka rafu za mbao na madirisha ya kioo, na vitabu vizima vyote vikaenda huko. Mimi nikabaki na gunia. Watoto wa Kibera wakawa wanavuka kwenda kwake, wanapita mlangoni pangu, wananisalimia wakikimbia. Ninyi hamjui inavyouma mtu akikusalimia huku anakimbia.

Lakini msinione mnyonge hivyo. Watoto waligundua kwamba kitabu kikichanika huletwa kwangu, na aliyekileta hupewa gurusa yenye sukari akisubiri. Basi nyuzi zikaanza kukatika zenyewe. Nilikuwa naona alama za meno, nikanyamaza, nikaongeza sukari. Mumbi akatuma neno kwamba kazi yangu imezorota siku hizi. Nikamjibu achunge watoto wake. Nilicheka wiki nzima, na wala sijutii.

Ndipo akamchukua Sitti. Usiniangalie hivyo, mwanangu, najua hukuburutwa, ulikwenda kwa miguu yako. Ulianza kumsaidia Jumamosi, Jumamosi ikawa juma zima, ukawa unaandika namba migongoni mwa vitabu, ukirudi ni Mama Mumbi amesema hivi, Mama Mumbi hapendi vile, ndani ya nyumba yangu, na chakula changu mdomoni. Nilizivumilia rafu, nikavumilia na madirisha. Lile neno mama lilinishinda. Nilikuzaa mimi, katika chumba hikihiki, na mvua ikivuja.

Kwa hiyo nasema mbele ya kaka yako. Nikiondoka, rudi. Fungua chumba cha mbele kila watoto watokapo shule, kaa kwenye mkeka wangu, wasomee, na hao wanaovuka waache kuvuka. Nataka Mumbi naye akae atazame mlango usioingiwa na mtu. Nimelala na jambo hilo miaka, na kama ni dhambi nitaulizwa mimi, si wewe.

Sitti, unasema nini? Inua sauti, masikio nayo yameanza kuondoka.

Macho? Mumbi haoni? Tangu lini? Tangu mvua za mwaka jana, na huwasomea vipi watoto? Ati hasomi. Ati anakishika kitabu mbele yake na kuyasema kwa moyo yale anayoyajua zamani, vingine vyote unasoma wewe, na watoto hawajatambua. Mwaka mzima, Sitti, unakuja unanipikia uji na umelifungia jambo hilo kifuani. Kwa nini ukanificha?

Rudia, kaka yako asikie.

"Nilijua utafurahi, mama."

Nipeni maji. Kidogo tu, yananipalia.

Ningefurahi. Nitakataaje, mtoto ananijua. Ungeniambia mwezi uliopita ningekwenda kwake kwa magoti, nijionee mwenyewe. Na sasa nalingoja hilo la kufurahi lije, haliji. Namwona tu amekaa, kitabu kimefunguka vizuri mapajani, uzi wangu katikati, na yeye anapapasa ukurasa.

Ngojeni nipumue.

Basi sikilizeni vizuri, maana sitarudia. Sitti, lile nililosema nimelifuta. Kaa hukohuko Kawangware. Nikikutoa huko mlango ule utafungwa, na watoto watabaki kuchungulia vitabu kupitia kioo, na mimi sikushona vitabu maisha yangu yote vikafungiwe tena. Msije mkasema msibani kwamba Mabruka alisema hayo kwa moyo mweupe. Sikusema kwa moyo mweupe. Wivu ninao palepale ulipokuwa, umenikaa hapa chini ya ubavu, na naondoka nao.

Murjan, chumba cha mbele utakifungua wewe. Usinung'unike. Kusoma unajua, ingawa unashika kitabu kana kwamba ni sufuria ya moto. Kila alasiri, ukitoka kazini au usitoke, mlango uwe wazi, na usiwafokee wenye mikono michafu. Watakicheka kisauti chako, waache wacheke, utazoea. Na yule fundi mwambie arudi na kipimo chake kwao. Sindano zangu Sitti azichukue.

Mnizike siku hiyohiyo, kwenye makaburi yetu, msiningojeshe ndugu wa mbali. Mumbi akija mpeni kiti kizuri, mshikeni mkono asijikwae kizingitini... lakini msimweke mbele ya dada zangu.

Radhi zangu mnazo, wote wawili, na tumbo lililowabeba limeridhika. Mwenyezi Mungu awape riziki msiyoiombea mlangoni pa mtu. Awape... watoto wenye kuuliza maswali. Msitupane. Ukimkasirikia nduguyo, kasirika, kisha mpelekee chakula.

Jua limefika dirishani. Shule zinatoka saa hizi, si ndiyo? Na ufunguo wa kule Kawangware uko na nani? Uko nao wewe. Basi inuka. Inuka, Sitti, watoto wamesimama mlangoni kwake, na yeye yuko nyumbani mwake anasikia sauti zao tu. Usiseme utakaa mpaka nipate usingizi. Ukikaa nitakufurahia mno, sitakuachia tena. Murjan atanishika... Njoo nikubusu kwanza. Haya.

Akikuuliza umemwachaje mama yako katika hali hii, mwambie... mwambie ni mimi niliyekutuma kwake. Mtajie jina langu, watoto wakisikia.